Maswali ya Wasomaji: Mtoto Aliyetaka Mtu Mmoja Achelewe Treni

Katika toleo lililopita tuliitaja kwa mistari mitatu tu filamu ya Kipolandi iitwayo Sztuczki, iliyoandikwa na kuongozwa na Andrzej Jakimowski na kutolewa mwaka 2007, tukasema kuwa ni filamu tulivu inayofaa kutazamwa na familia nzima. Mistari hiyo mitatu imetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia, na si zote za shukrani. Tumechagua tano, tukazifupisha kidogo bila kugusa hoja zake.

Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Kwa ushauri wako tulikaa familia nzima Jumamosi usiku kuitazama hiyo Sztuczki. Mume wangu alipitiwa na usingizi kabla ya dakika ya ishirini. Binti yangu wa miaka 13 alirudi kwenye simu yake. Mimi nilivumilia hadi mwisho nikisubiri kitu kitokee, na kwa maoni yangu hakikutokea. Ajabu ni kwamba mwanangu wa miaka saba hakubanduka pale alipokaa, na tangu siku ile ananiomba sarafu za shilingi mia ili aende nazo relini. Naomba unieleze yeye aliona nini ambacho sisi wakubwa hatukukiona, na hizo sarafu nimjibu nini.
Mama wa watoto wawili, Morogoro

Dada yangu, nianze na sarafu, maana ndilo jambo pekee katika barua yako lisiloweza kungoja. Usimpe hata moja. Treni anayoichezea Stefek inaendeshwa na watu walioambiwa mapema mtoto atasimama wapi na kamera itakuwa upande gani, ilhali treni inayopita Morogoro haina habari kwamba mwanao yupo. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Mtoto aliyeweza kuifuata filamu ile hadi mwisho ataelewa tofauti hiyo bila kutishwa.

Sasa kisa chenyewe, kwa faida ya wale ambao hawajaiona. Stefek ni mvulana wa miaka sita anayeishi na mama yake, mwenye duka, na dada yake Elka, msichana anayekaribia utu uzima. Ni majira ya joto, na baba aliiacha familia zamani. Siku moja Stefek anamwona stesheni mwanamume nadhifu anayebadilisha treni, naye anaamini moja kwa moja kwamba huyo ndiye baba yake. Hamkimbilii wala hamwiti. Elka amemfundisha kwamba majaliwa huweza kuhongwa: ukikubali kuachia kitu chako kidogo, sarafu au askari wa kuchezea, ukakiachia mahali panapofaa na kwa wakati wake, mambo huanza kusogea, hili likalisukuma lile, mpaka lile ulilolitaka likujie lenyewe kana kwamba hukulifanyia kazi. Basi mtoto anarusha sarafu relini, anawapanga askari wake, halafu anasubiri. Anachokitafuta ni kumbandua yule mtu kwenye njia yake aliyoizoea na kumfikisha mlangoni pa duka la mama.

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe kwa heshima zote. Unasema hakuna kilichotokea, nami nasema kwamba kilichotokea kilikuwa kidogo kuliko mizani tuliyoizoea sisi watu wazima. Filamu nyingi tunazotazama Jumamosi usiku zimetuzoesha kulipima tukio kwa kelele yake: gari limepinduka, bunduki imelia, mke amegundua siri ya mumewe na sahani zimevunjika. Katika Sztuczki jambo kubwa kuliko yote ni mtu mmoja kuchelewa treni. Akiiwahi, mtoto ameshindwa kwa siku ile. Akichelewa hata kwa dakika moja, mlango umefunguka kidogo. Mwanao alijua hilo tangu mwanzo, kwa hiyo kila mara yule mwanamume alipotazama upande mwingine au kusimama kidogo bila sababu, moyo wake ulidunda, wakati wewe ulikuwa ukingoja tukio lianze na mumeo yuko ndotoni. (Mwache mzee alale. Dakika ishirini ni nyingi kwa mtu aliyefanya kazi wiki nzima.)

Wengi wameisifu filamu hii wakisema inatufundisha kupunguza mwendo, nami nakubali, ila naona wanasahau kuwa kupunguza mwendo ndicho kisa chenyewe. Stefek anapigana vita na ratiba ya treni. Wakubwa wote wanaomzunguka wana mahali pa kwenda na saa ya kufika. Yeye peke yake amegundua kwamba watu hukutana pale tu mmoja wao anapochelewa. Ndiyo maana mwongozaji hakuweza kuiharakisha hadithi yake. Angeikata picha haraka haraka, tusingeweza kuhisi urefu wa dakika ile moja ambayo mtoto anajaribu kuinunua kwa sarafu.

Jina la filamu nalo lina lake la kusema. Kwa Kipolandi, sztuka ni sanaa, na sztuczka ni neno hilo hilo likiwa limedogoshwa, kama sisi tunavyoweza kutoa kijitabu kwenye kitabu. Maana yake ya kawaida ni hila ndogo, ujanja wa mikono, kiinimacho cha mtaani. Kwa hiyo Sztuczki ni vijihila, lakini ni vijihila vilivyozaliwa na sanaa, na nadhani Jakimowski, aliyesoma falsafa Warsaw kabla ya kusomea uongozaji wa filamu Katowice, hakulichagua neno hilo kwa bahati. Watoto wa kwetu wanavifahamu vizuri. Mimi mwenyewe nilikuwa na cha kwangu: nikiufikia mwembe wa kona kabla gari lililo nyuma yangu halijanipita, basi jioni nyumbani kutapikwa chapati. Sikumbuki ni mara ngapi kilifanya kazi, lakini nakumbuka kila gari.

Muulize mwanao, kama bado hujamuuliza, ana kijihila gani kisichohitaji reli. Na huyo binti wa miaka 13 usimlazimishe kuitazama tena. Katika umri wake huenda Elka akamvutia kuliko Stefek, siku atakayoamua mwenyewe.

Mhariri, nimefanya kazi ya reli miaka 31 na sasa nimestaafu. Filamu hiyo nimeionyeshwa na mjukuu wangu. Kilichonichoma ni ile hali ya mji: kuta zimebanduka rangi, watu wamekaa tu, na stesheni inaonekana imesahauliwa. Nilidhani Ulaya ni taa na magari. Je, Poland ni nchi maskini kiasi hicho, au mwongozaji ameionyesha nchi yake vibaya ili wageni wampe tuzo?
Mstaafu wa reli, Tanga

Shikamoo mzee. Nilifurahi kupata barua ya mtu aliyeitazama stesheni kwa jicho la mwenyewe.

Nianze na tuzo, kwa kuwa shutuma hiyo husikika kila mahali, hata kwa watengenezaji wetu. Filamu ilipewa tuzo ugenini, ni kweli: katika tamasha la filamu la Venice, na tena la Tokyo. Lakini mwaka huo huo wa 2007 ilipewa pia Simba wa Dhahabu katika tamasha la filamu za Kipolandi linalofanyika Gdynia, ambayo ni tuzo kuu ya nyumbani, na mwaka uliofuata Poland ikaichagua kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha Oscar kwa filamu za lugha za kigeni. Kwa hiyo hawakumzawadia wageni peke yao, bali pia watu wanaozijua kuta hizo.

Mji unaouona ni Wałbrzych, kusini-magharibi mwa Poland, karibu na mpaka wa Cheki. Hadi mwaka 1945 ulikuwa sehemu ya Ujerumani na uliitwa Waldenburg. Vita vilipokwisha mipaka ikahamishwa, Wajerumani wakaondolewa, wakaletwa Wapolandi, wengi wao wakiwa wamepoteza makwao upande wa mashariki. Kilichowaunganisha wageni hao wote ni makaa ya mawe. Mji uliamka kwa ving'ora vya machimbo, ukala kwa mishahara ya machimbo, ukazikana kwa heshima za machimbo. Ukomunisti ulipoanguka mwaka 1989 na uchumi ukageuzwa kwa kasi kubwa, machimbo hayo yalionekana ni ya hasara, na katika miaka ya 1990 yakafungwa moja baada ya jingine. Maelfu ya wanaume waliojua kazi moja tu walibaki bila kazi, na baadhi yao wakaanza kuchimba mashimo yao wenyewe kwa sululu na ndoo, kinyume cha sheria na kwa hatari kubwa, ili wapate makaa ya kuuza kwa gunia. Wenyewe waliyaita mashimo ya umaskini.

Kwa hiyo Poland yote haikuwa hivyo, lakini Wałbrzych ulikuwa hivyo, na filamu haikuuongezea uchakavu. Kumbuka pia kwamba Poland ilijiunga na Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, miaka mitatu tu kabla ya filamu kutoka, na vijana wengi walikuwa wakifunga mizigo kwenda kutafuta kazi magharibi. Hilo halitamkwi kwa hotuba, ila limewekwa mdomoni mwa Elka: anaosha vyombo mgahawani huku akijifunza Kiitaliano, kwa matumaini ya kupata kazi katika kampuni ya Waitaliano. Mdogo wake anapigania kumrudisha mtu aliyeondoka, naye dada anajifunza lugha ya huko anakotazama. Mimi naliona hilo kuwa chungu kuliko ukuta wowote uliobanduka.

Ukitaka kuona kwamba Jakimowski hakuokota mandhari hiyo kwa ajili ya wageni, tafuta filamu yake ya kwanza, Zmruż oczy, yaani "finya macho", iliyotangulia kwa miaka michache. Humo tunamkuta Jasiek, anayeigizwa na Zbigniew Zamachowski, mwigizaji ambaye wapenzi wa filamu huenda wakamkumbuka kwa kazi yake na mwongozaji mashuhuri wa Kipolandi Krzysztof Kieślowski. Jasiek alikuwa mwalimu. Sasa ni mlinzi wa shamba la zamani la serikali ambalo halina tena cha kulindwa. Mashamba hayo yalianzishwa mwaka 1949, na sheria ya Oktoba 1991 ikaamuru yafumuliwe, nayo familia zilizoishi humo kwa vizazi viwili zikaachwa na nyumba lakini bila kazi. Katika magofu hayo anaingia msichana wa miaka kumi aliyetoroka kwa wazazi wake wenye fedha, akiona afadhali kukaa na mlinzi asiye na kitu lakini mwenye muda. Wazazi wanamtaka arudi, Jasiek hataki kumfukuza wala kumzuia, na filamu karibu yote inakaa katika mvutano huo, chini ya jua, watu wakizungumza na kunyamaza.

Ukiziweka filamu hizo mbili pamoja utaona kwamba polepole yake haikuchaguliwa na mtu. Haifanani na ile ya wakazi wa miji mikubwa wanaolipia hoteli ya porini ili wazime simu kwa siku mbili. Huku ni saa ya mji iliyosimama kwa sababu kazi iliyokuwa ikiizungusha imeondoka. Wewe uliyeishi Tanga na kuona mashamba ya mkonge yakigeuka pori huhitaji nikueleze jinsi adhuhuri ya mahali kama hapo inavyokuwa ndefu. Watu wazima ndani ya adhuhuri hiyo wanapata shida, hawajui waishike vipi. Mtoto, ambaye hakuwahi kuuona mji ukiwa na haraka, ndiye pekee anayeutumia muda huo kama mali.

Nina lawama moja, nayo naiandika kwa sauti ya chini kwa kuwa filamu naipenda. Adam Bajerski, mpiga picha wake, amelimwaga jua la dhahabu kila kona, hadi mara nyingine watu waliokosa kazi wanaonekana kama watu walio likizo. Mjane wa mchimba makaa huenda akaitazama picha ile nzuri na kuuliza baridi ya Januari imekwenda wapi.

Filamu za namna hii huwa nashindwa kujua kama ni usanii au ni uvivu na uhaba wa bajeti. Kuweka kamera sehemu moja na kungoja si kazi ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya?
Mwanafunzi wa chuo, Dar es Salaam

Jaribu. Sisemi kwa kejeli. Simu yako inatosha. Iweke mahali pamoja, mwambie mdogo wako wa miaka sita afanye jambo moja kwa dakika moja bila kuitazama, halafu mwombe njiwa apite nyuma yake kwa wakati unaoutaka. Utagundua kwamba katika picha inayokatwa kila sekunde mbili makosa hufichika, lakini katika picha inayokaa kila kosa linabaki limesimama mbele ya macho ya mtazamaji.

Sztuczki ina watoto, ina njiwa na ina treni, yaani vitu vitatu ambavyo havimsikilizi mwongozaji. Damian Ul aliyemwigiza Stefek alikuwa mtoto asiye na uzoefu wowote wa uigizaji, na mwaka huo wa 2007 waamuzi wa Tokyo walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume, wakiwaacha watu wazima waliofanya kazi hiyo maisha yao yote. Uhaba wa bajeti ninaukubali. Wengi hutengeneza filamu tulivu kwa sababu utulivu una gharama nafuu. Uvivu siukubali kwa hii. Kuna filamu nyingine za mwendo huo huo ambazo ningekubaliana nawe mara moja, zile ambazo mtu anatembea kwenye korido dakika nne na ukifika mwisho wa korido hujui zaidi ya ulivyojua mlangoni.

Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu wa gredi ya tano na ninasimamia chama cha filamu shuleni. Ningependa kuwaonyesha wanafunzi wangu filamu hii, lakini nina hofu mbili. Ya kwanza ni lugha, kwani hawajui Kipolandi na maandishi ya Kiingereza yaliyo chini ya picha yatawapita. Ya pili ni kwamba wamezoea katuni na video fupi za simu, nao watapiga kelele baada ya dakika tano. Nifanyeje? Na je, baada ya hii kuna nyingine za aina hiyo kutoka nchi hiyo?
Mwalimu, Machakos

Mwalimu, hofu ya lugha ni ndogo kuliko unavyodhani. Maneno ni machache, na mambo muhimu hufanywa kwa mikono na macho. Itazame kwanza peke yako mara mbili, safari ya pili ukiwa na karatasi, uandike kwa Kiswahili yale mazungumzo ambayo bila hayo mtoto atapotea, hasa yale ya Elka anapomweleza mdogo wake jinsi majaliwa yanavyohongwa. Siku ya maonyesho kaa ubavuni mwa skrini uyaseme mwenyewe kwa sauti ya kawaida, bila kuigiza. Wazee wetu wanakumbuka sinema za Kihindi zilivyofuatwa na watu ambao hawakujua neno la Kihindi, na pembeni alikuwapo mmoja aliyejifanya anajua.

Hofu ya pili ni ya kweli, na sitakudanganya kwamba filamu yenyewe itaitatua. Ushauri wangu ni kuwapa watoto kazi ya kufanya kabla taa hazijazimwa. Waambie kuna mtoto anayetaka kumchelewesha mtu mmoja asipande treni, na kwamba hawezi kumsogelea wala kumwambia. Wafikirie wenyewe kwanza wangefanyaje, waandike, wakunje karatasi, waweke mfukoni. Mtoto aliyeweka hila yake mfukoni hatasinzia, kwa sababu atataka kujua kama ya Stefek imeizidi yake. Filamu ina takriban dakika 95. Kama kipindi chako ni kifupi, igawe siku mbili, na ukatize mahali ambapo hila moja imekwisha kutegwa lakini haijajulikana kama imenasa. Usiikimbize mbele kwa rimoti hata kidogo. Baadaye, nakuomba kama mtu aliyewahi kukaa dawati la nyuma, usiwaulize funzo la hadithi ni lipi. Waulize sarafu ya kwanza iliangukia wapi. Na yale niliyomwambia mama wa Morogoro kuhusu reli uyaseme mbele ya darasa zima, tena siku hiyo hiyo, hata kama shule iko mbali na njia ya treni.

Kuhusu nyingine, jina la kulishika ni Dorota Kędzierzawska, mwongozaji mwanamke ambaye sehemu kubwa ya kazi zake inahusu watoto waliopungukiwa na malezi. Katika Wrony ya mwaka 1994 msichana anayekosa muda wa mama yake anamchukua mtoto mdogo wa watu na kuondoka naye, akijifanya mama. Katika Jestem ya mwaka 2005 mvulana anatoroka kituo cha watoto, anakataliwa na mama mzazi, kisha anaishi peke yake katika tishari lililotelekezwa mtoni. Ni filamu za polepole na nzuri sana, lakini zinauma; kwa gredi ya tano ningesubiri. Hizo zitazame wewe, mwalimu, kwa sababu darasani mwako huenda yupo mmoja anayeishi kwenye tishari la namna yake bila wewe kujua.

Ndugu Mhariri, nipo huku Oman mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi ya bohari. Mwanangu ana miaka sita, yuko Unguja na mama yake. Filamu hiyo niliitazama kwa simu baada ya zamu ya usiku, na sikuweza kulala. Yule mwanaume wa stesheni nilimchukia, kisha nikaona kama ni mimi. Mtoto wa miaka sita anaelewa nini kuhusu kuondoka? Je, filamu hii inatuhukumu akina baba? Mkataba wangu unaniruhusu kwenda nyumbani Desemba kwa gharama yangu au Juni kwa gharama ya mwajiri. Mwanangu ana miaka sita tu, Mhariri, nami sitaki kukosea.
Baba, Muscat

Ndugu yangu, kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo uchovu wa usiku umeyachanganya. Mwanamume wa Sztuczki, anayeigizwa na Tomasz Sapryk, aliiacha familia. Wewe umekwenda kuitafutia. Mtoto wako anajua uliko, anajua sauti yako, na akiulizwa baba yuko wapi ana jibu la kutoa. Stefek hana jibu. Ana mtu aliyemwona stesheni na imani yake mwenyewe.

Baada ya kusema hayo, sidhani kama filamu inamhukumu hata yule. Nimeitazama nikitafuta mahali ambapo mwongozaji anamnyooshea kidole, mahali pa kilio au pa kuomba radhi, sikupaona. Angekuwa mwongozaji mwingine, tungepewa ugomvi wa zamani, barua iliyofichwa kabatini, au angalau jirani wa kutusimulia nani alikosa. Jakimowski ametunyima hayo, na mwanzoni nilikasirika kama wewe ulivyokasirika. Baadaye niliona kwamba ametuweka tu katika kimo cha mtoto. Kutoka kimo hicho huoni sababu za watu wazima. Unaona mtu ameshuka treni moja, anangoja nyingine, na kati ya hizo mbili kuna muda mfupi ambao ni wako kama utajua cha kuufanyia. Hila zinamfikisha hadi dukani kwa mama, na nafasi hiyo nayo inaponyoka, ndipo mtoto anapotega hila ya mwisho iliyo ya hatari kuliko zote, ambayo sitaieleza kwa ajili ya wasomaji ambao hawajafika huko. Katika yote hayo Stefek hamwombi yule mtu aeleze kwa nini aliondoka. Hata kurudi hamwombi. Anachomwomba ni kuchelewa mara moja.

Umeniuliza mtoto wa miaka sita anaelewa nini kuhusu kuondoka. Filamu inasema anaelewa ratiba. Anajua treni ipi inakuja baada ya ipi, anajua mtu anasimama upande gani wa jukwaa, na anahesabu. Wako huenda anahesabu pia, kwa simu zako za Ijumaa au kwa mizigo iliyofika na ile iliyoahidiwa, na mama yake atakuwa anaijua hesabu hiyo kuliko mimi, muulize yeye.

Kuhusu Desemba au Juni, safu ya filamu haina mamlaka ya kukupangia nauli, wala siujui mshahara wako. Naweza tu kukwambia nilichokiona nilipokuwa nikiifupisha barua yako kwa ajili ya kuchapwa. Ilikuwa na kurasa mbili. Bei ya tiketi umeitaja mara moja, mkataba mara moja, na kwamba mwanao ana miaka sita umeandika mara nne, ya mwisho ukiwa umeshaweka sahihi, pembeni mwa karatasi.